Jina Letu, Ulimi wa Wengine: Katuni za Mwaka 2023

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sisi watu wazima tumezowea kulipuuza, nalo ni katuni. Najua wako watakaosema, "Mtunzi huyu ameishiwa na maneno, ameacha mashairi na mambo ya maana, sasa atuletea habari za paka na panya." Nawaomba wasifanye haraka. Kitu kinachomshika mtoto saa mbili na tatu kila siku, akasahau hata uji wake ukapoa, si kitu kidogo. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bibi. Magharibi ikishaswaliwa na chakula kikishaliwa, watoto walikaa juu ya mkeka, bibi akasema "Paukwa!" nao wakaitika "Pakawa!" Hapo ndipo mtoto alipojifunza kuwa sungura ana hila, fisi ana ulafi, na mwenye subira hula mbivu. Alijifunza pia, bila ya kujua kuwa anajifunza, namna Kiswahili kinavyopandishwa na kushushwa, kinavyotiwa utani na kinavyofichwa mafumbo.

Leo aliyekaa mahali pa bibi ni kioo. Nami sisemi kioo kivunjwe. Nauliza tu: huyu bibi mpya asimulia nini, na kwa lugha ya nani?

Ziko kauli mbalimbali za wanazuoni wetu juu ya sura na michoro, na mimi si mufti wala sijipi cheo hicho. Mwenye kutaka fatwa aende kwa wenyewe. Ninalolizungumza hapa ni jambo ambalo tayari limo majumbani mwetu, kwa aliyeridhia na kwa asiyeridhia, kuanzia Mji wa Kale wa Mvita hadi Lamu. Mgeni akishaingia ndani, hapana faida ya kusimama mlangoni kubishana kama alialikwa. Ni bora tukae naye tumjue.

Nimeuchagua mwaka mmoja ili mazungumzo yetu yasitapakae, nao ni mwaka 2023. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake yametokea mambo yanayotuhusu sisi, watu wa lugha hii, kuliko miaka mingi iliyotangulia.

Tuanze mbali kabla ya kurudi karibu. Mwaka huo huko Marekani kampuni ya Disney ilitimiza miaka 100, kwani ilianzishwa Oktoba 1923. Filamu iliyotoa kusherehekea umri huo, Wish, haikupokewa kwa shangwe kubwa iliyotarajiwa. Iliyovuna fedha zaidi katika katuni za mwaka huo ilikuwa The Super Mario Bros. Movie, iliyotokana na mchezo wa kompyuta wa Kijapani, nayo ikakusanya zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Mtu akikwambia katuni ni mchezo wa watoto, mwambie hesabu hiyo kisha umwache afikiri.

Lakini jambo la mwaka huo lililonigusa moyo lilitoka Japani. Mzee mmoja, Hayao Miyazaki, aliyezaliwa mwaka 1941, alikwisha tangaza mwaka 2013 kuwa ameacha kutengeneza filamu ndefu. Kumbe hakuweza. Julai 2023, akiwa na umri wa miaka 82, alitoa filamu ambayo Waingereza waliiita The Boy and the Heron. Huko Japani haikutangazwa kwa njia za kawaida. Palibandikwa tangazo moja lenye picha ya ndege, basi. Jina lake la Kijapani ni swali, nalo kwa Kiswahili chetu ni kama kuuliza, "Ninyi mwaishije?" Jina hilo alilichukua katika kitabu cha Genzaburo Yoshino kilichotoka mwaka 1937. Hadithi ni ya kijana aliyefiwa na mama yake katika moto wakati wa vita, akahamishiwa shamba, na huko akakutana na korongo msema maneno. Ni hadithi ya msiba, na ya namna mtu anavyojifunza kuishi baada ya msiba. Mzee huyu hakuitunga kwa Kiingereza ili apate soko. Aliitunga kwa Kijapani, na mambo yake ni ya Kijapani, kuanzia viatu vinavyovuliwa mlangoni hadi vikongwe wa nyumbani wanaogombania vyakula vya mkebe. Ulimwengu ndio uliomfuata. Desemba mwaka huo filamu yake iliongoza kwa mauzo katika majumba ya sinema ya Amerika ya Kaskazini, na Machi 2024 ikapewa tuzo ya Oscar. Liwekeni jambo hili akilini, tutalirudia.

Sasa turudi kwetu Afrika. Tarehe 5 Julai 2023, Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni zilizotungwa na Waafrika, kutoka Afrika ya Kusini, Zimbabwe, Nigeria, Misri, Uganda na hapa Kenya. Kazi iliongozwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, na mmoja wa wasimamizi wakuu alikuwa Peter Ramsey, yule aliyeshiriki kuongoza filamu ya buibui ya mwaka 2018 iliyopata Oscar. Filamu zote zilitazama mbele, zikiiwaza Afrika ya kesho: ng'ombe na mashine, mizimu na vyombo vya angani. Ya Kenya iliitwa Enkai, kazi ya Ng'endo Mukii, mwanamke ambaye kabla ya hapo alikwisha kujulikana kwa filamu yake Yellow Fever ya mwaka 2012, iliyozungumzia wanawake wanaojichubua ngozi. Mganda Raymond Malinga alileta Herderboy. Na mkusanyiko mzima ukaitwa nini? Ukaitwa Kizazi Moto. Hata mojawapo ya zile filamu kumi, ya Waafrika ya Kusini, iliitwa Hatima.

Naam, Kizazi Moto. Wako waliokuja kwangu barazani wakinung'unika kuwa jina hilo limevunja sarufi, kwamba ilipasa kuwa "kizazi cha moto". Mimi sikuafikiana nao. Twasema maji moto, twasema chai moto, na hapana anayesema "maji ya moto" akadhani amemshinda mwenziwe kwa ufasaha. Jina ni zuri, lina joto, na lina haki ya kusimama. Tena filamu hizo zilitoka siku mbili tu kabla ya tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mtu angeweza kudhani mambo yalipangwa.

Wiki mbili baadaye, tarehe 20 Julai, Netflix ilitoa Supa Team 4, mfululizo wake wa kwanza wa katuni uliotoka Afrika. Ni hadithi ya wasichana wanne wa Lusaka ya siku zijazo, wanaochukuliwa na bibi mmoja aliyekuwa jasusi na sasa amestaafu, waulinde mji wao. Aliyeutunga ni Mzambia aitwaye Malenga Mulendema, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa mashindano ya hadithi ya Triggerfish mwaka 2015. Baadaye wakatafutwa waandishi wanawake kutoka bara zima washirikiane naye. Jina lake ni la kwao Zambia, lakini sisi wa pwani hatuwezi kulipita bila ya kutabasamu, kwani kwetu malenga ni mtunzi na bingwa wa nyimbo. Jina limemkaa mwenyewe kama kanzu iliyopimwa.

Basi mimi, kama mpenzi wa lugha, ilinipasa nifurahi, na kweli nilifurahi. Lakini furaha yangu iliingia mchanga. Jina ni Kizazi Moto. Ukifungua ndani, lugha iliyotawala ni Kiingereza. Kiswahili kimewekwa mlangoni kama ubao wa duka, na ndani ya duka bidhaa ni nyingine. Na kuna la pili. Huduma ya Disney iliyoonyesha filamu hizo kwa njia ya intaneti ilikuwa, wakati huo wa 2023, imekwisha kufika Afrika ya Kusini, Misri, na nchi za Ghuba, Oman ikiwamo. Kenya na Tanzania hazikuwamo katika orodha. Kwa hivyo jamaa zetu walioko Maskati waliweza kulipia na kutazama katuni yenye jina la Kiswahili, na sisi tulioko Mombasa na Zanzibar, penye kitovu cha Kiswahili chenyewe, hatukuweza. Mwenye kisima akalala na kiu.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1994 ilitoka The Lion King, na watoto wa dunia nzima wakajifunza kusema Simba, Rafiki na Pumbaa. Maneno yale mawili, "hakuna matata", ambayo katika pwani hii twayasikia zaidi kwa mgeni kuliko kwa mwenyeji, yalisajiliwa na Disney huko Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo. Usajili ulikamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wa Afrika wakapiga kelele na kutia saini kwa maelfu. Kweli usajili ule haukumzuia mtu kuyatamka maneno hayo, bali ulihusu biashara tu. Lakini funzo limo palepale: lugha yetu hutafutwa kwa utamu wa jina, na ikifika zamu ya kuzungumza, haipewi nafasi.

Ni nini basi kilicho hatarini? Nitawapa mfano wa nyumbani kwangu, na naamini si wa nyumba yangu peke yake. Nina mjukuu wa miaka mitano. Kiingereza chake amekipata kwa katuni kabla ya kuingia skuli, tena ni Kiingereza cha puani, cha kwao Marekani. Siku moja alimwendea mama yangu mzazi, ambaye kwake ni mama wa babu, akamweleza habari ndefu kwa furaha, mikono ikiruka, macho yamemwangaza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka, akanigeukia akaniuliza, "Kasemaje kitukuu changu?" Nikamfasiria. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Nimewazaa ninyi mkazaa, na sasa nataka mkalimani nyumbani mwangu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kiingereza si adui. Mtoto na ajifunze Kiingereza, na Kiarabu, na Kifaransa akiweza. Elimu haina mzigo. Lakini ikiwa kila kinachomchekesha chaja kwa lugha ya mbali, na Kiswahili anakisikia tu anapoambiwa "kaa chini" na "oga ulale", atajifunza kuwa lugha ya nyumbani ni ya amri na lugha ya wageni ni ya raha. Mtoto aliyejifunza hivyo hatakuja kuandika shairi, wala hatakuja kulisoma.

Nitajibiwa kuwa katuni ni ghali, na kuwa Kiswahili hakina soko. Hili la kwanza ni kweli. Katika sinema, picha 24 hupita kwa kila sekunde moja, na kila kope inayopigwa ina mtu aliyekesha akiifanya. Lakini jibu limo mumo humo katika gharama: kilicho ghali ni picha, si sauti. Picha ikishatengenezwa, kuitia sauti ya Kiswahili hakudai kuchora upya hata ukucha wa paka. Wanatakiwa mfasiri anayejua lugha, waigizaji kadhaa, chumba kisicho na kelele, na fundi wa sauti. Kampuni iliyoona haya kutumia jina la Kizulu au la Kiingereza ikachagua la Kiswahili, ingeweza pia kulipia hayo.

Na hili la soko silikubali hata kidogo. UNESCO yenyewe yasema wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Tazameni wenzetu wenye watu wachache kuliko hao. Dubai, katika Ramadhani ya mwaka 2006, kijana Mohammed Saeed Harib alianza kuonyesha Freej, katuni ya vikongwe wanne wenye barakoa wanaoishi mtaa wa kale katikati ya majumba marefu ya mji mpya. Hawakusema Kiarabu cha vitabuni. Walisema lahaja yao ya Imarati, na mmoja wao, Um Saeed, ni hodari wa mashairi na methali. Watu wakaipenda, wakubwa kwa wadogo. Malaysia, Ramadhani ya mwaka 2007, ilianza Upin & Ipin, habari za mapacha mayatima wanaolelewa kijijini na bibi yao na dada yao, na vipindi vya kwanza vilikuwa vya watoto wanaojifunza kufunga. Lugha ni Kimalay. Vipindi hivyo vilivuka bahari vikawa mashuhuri Indonesia pia. Na yule mzee wa Japani tumekwisha mtaja. Hakuna katika hawa aliyeacha ulimi wake nyumbani ili aende sokoni.

Hata hapa jirani mfano upo. Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza mwaka 2013, na mwaka uliofuata likaanza kuonyesha Ubongo Kids kwa Kiswahili, likifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na wanyama. Kisha likaleta Akili and Me, ya kitoto cha miaka minne anayeishi karibu na Kilimanjaro, na akilala huingia katika nchi ya ndoto. Hapa Nairobi mikono ya kazi ipo tangu zamani. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010 na kupendwa sana Uingereza, ilichorwa Nairobi na vijana wetu, kwa mtindo uliotokana na mchoraji Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, aliyefariki mwaka 1972. Mchoro wa Mtanzania, mikono ya Wakenya, ngano za Afrika. Na wanyama wale wakapewa Kiingereza. Kwa hiyo msituambie ufundi haupo.

Wala hadithi hazikosekani. Fumo Liongo, shujaa asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, aliyefungwa akaletewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, akasalitiwa na mwanawe, akafa amepiga magoti penye kisima na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai: niambieni ni studio gani ulimwenguni haingeitamani hadithi hiyo. Yuko Abunuwasi, ambaye hakuna mtoto wa pwani asiyemcheka. Ziko ngano za Alfu Lela Ulela, ambazo wazee wetu walizisimulia kama za kwao. Na hizi msidhani hazijaonekana katika sinema. Filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani ni ya mwaka 1926, na ni habari za mwana wa mfalme Achmed na farasi arukaye, zilizotolewa katika Alfu Lela Ulela. Aliyeitengeneza ni mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, kwa mkasi na karatasi nyeusi na taa chini ya kioo, kazi ya kama miaka mitatu. Mjerumani na mkasi wake aliiona thamani ya hadithi tulizolazwa nazo sisi, tangu karibu miaka mia iliyopita. Sisi twangoja nini?

Lakini nina sharti moja, na hapa nasema na ndugu zangu watunzi. Kiswahili kitakachotiwa katika katuni kiwe Kiswahili. Kisiwe cha kufasiriwa neno kwa neno mpaka sungura akasema kama karani wa serikali. Mtoto hupenda utani, vitendawili, matusi ya mapenzi na maneno yenye mlio. Mvuvi azungumze kama mvuvi, bibi wa Lamu azungumze Kiamu chake, na mwenye duka wa Mvita apige domo kama alivyo. Kazi hiyo si ya kompyuta wala si ya mfasiri wa ofisini. Ni yetu sisi tuliokulia chuoni na barazani, na tukiikataa kwa kuiona ya kitoto, tusije tukalia baadaye kuwa watoto hawaujui ushairi.

Kwa wenye stesheni za televisheni nasema: mnaponunua katuni, ulizeni sauti za Kiswahili, na zisipokuwapo, toeni fungu la kuzitia. Kwa serikali za kaunti za pwani, kila mwaka zinazotumia fedha kwa tamasha za utamaduni: ngoma ya siku moja ni njema, lakini filamu moja ya Liongo ya nusu saa itachezwa miaka 30. Kwa matajiri wetu, wanaochangia harusi na mipira, hili nalo ni jambo la kheri. Na kwa wazazi: msimwachie kioo mtoto peke yake. Kaeni naye japo nusu saa, muulizeni kaona nini, naye akueleze kwa Kiswahili. Hiyo haina gharama.

Desturi ya mtunzi ni kutia muhuri wake, nami natia huu:

Jina limewekwa mbele, maneno hayamo ndani,
Nyumba ina taa tele, mwenyewe yuko gizani,
Amkeni tusilale, kalamu zi mkononi,
Tusimulie ya kale, wana wacheke nyumbani.

Mwaka 2023 ulituonyesha kuwa ulimwengu walipenda jina letu. Iliyobaki ni kuufanya ulimwengu, na watoto wetu kabla ya ulimwengu, wayasikie maneno yetu. Kazi hiyo hatafanyiwa mtu na jirani.